Habari za Abeid kutoka Ayalandi

Jumapili, 22 Machi

Nimenunua daftari jipya. Abeid akiwa melini huwa naandika yanayotokea nyumbani, maana akipiga simu tunaishia kuulizana "unanisikia?" mpaka salio linakata, na yote niliyotaka kumwambia yamenitoka. Akirudi namsomea. Hucheka zaidi nikiwasema wateja.

Haya, wateja. Wale ambao sikuwamalizia nguo za Idi hawanisalimii. Sasa zimeingia sare za harusi ya hapa Bigwa, magauni manane ya rangi ya chungwa, wanayataka tarehe nne. Mkono mmoja tu wa gauni wanataka marinda matano. Mlima umefunikwa na mawingu tangu saa tisa, na manyunyu yameanza.

Amepiga mchana akiwa Ureno. Wanapakia chakula cha ng'ombe kupeleka Ayalandi. Kazi yake ni kupaka mafuta mitambo huko chini ya meli, kwa hiyo anaweza kukaa wiki bila kuiona bahari yenyewe. Mluguru wa milima ya Matombo, aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka ishirini na sita kwa sababu kozi ya ubaharia ilimlazimisha! Nikamwambia ajihadhari na baridi. Akasema Ayalandi ni kama Nyandira kule mlimani, ila ina bahari, nisiwe na wasiwasi.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Latifa amerudi shule na kiatu kimoja, kingine kimekwenda na mfereji. Ana miaka tisa na anaona ni jambo la kuchekesha.

Alhamisi, 26 Machi

Ujumbe wa Abeid saa kumi na mbili jioni: "Bahari imechafuka kweli. Kesho asubuhi tutakuwa bandarini, inshallah. Nitapiga."

Ijumaa, 27 Machi

Hajapiga. Aliyepiga ni Bi Nasra, mama yake, kutoka Matombo. Hupiga kila Ijumaa baada ya sala.

"Abeid kapiga?"

"Bado Mama. Labda wanapakua."

Jumamosi, 28 Machi

Ujumbe wangu una tiki moja.

Jumapili, 29 Machi

Tiki moja. Mvua kutwa. Nimeshona mkono wa kushoto kulia, nikafumua, nikaushona tena kulia.

Jumatatu, 30 Machi

Leo kaja Mjomba Mikidadi kutoka Mlali, bila taarifa, mvua inanyesha, mkungu wa ndizi begani. Ni kaka yake Bi Nasra, na kwa ukoo wao mjomba ndiye mwenye mtu. Watoto ni wa upande wa mama, na jambo kubwa halipiti bila yeye. Hata fomu za meli, penye kuandika nani apigiwe kukitokea dharura, Abeid aliandika namba ya Mjomba. Nilinuna siku mbili. Akaniambia, "Yasmin, wewe ni mke wangu, lakini mimi ni mali ya wajomba." Nikamwambia basi wajomba wamfulie na soksi.

Mjomba akaketi. Nikampa chai, haikuguswa. Hakuulizia maharage wala bei ya nyanya, na yeye ni mkulima wa nyanya, hajapata kukaa dakika tano bila kuzitaja. Alimtazama Latifa akila chungwa mpaka akalimaliza. Ndipo akasema:

"Mkwe, wakala wa meli kanipigia. Meli ya kina Abeid imepata hitilafu."

"Hitilafu gani, Mjomba?"

"Ya injini. Ndio maana simu hazipatikani."

Nilishusha pumzi. Nikamtania kwamba basi na Abeid naye kazi imemshinda, si ndiye anayepaka mitambo mafuta? Hakucheka. Aliondoka mvua ikiwa haijakatika, na nilimwambia asubiri.

Kwa nini hakunywa chai?

Jumatano, 1 Aprili

Tiki moja. Nimeota nashona begi.

Alhamisi, 2 Aprili

Mjomba kapiga. Anasema mabaharia wamehamishwa kutoka kwenye meli ile. Wamehamishiwa wapi? Kwenye meli nyingine. Ipi? Wakala hakusema. Nikaomba namba ya wakala. Akasema ataitafuta, iko kwenye karatasi, na karatasi imelowa.

Nimechoka na mvua hii. Inanyesha kwa kiburi.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimelia, lakini nimelia kwa furaha! Mjomba kapiga asubuhi: Abeid yuko hospitali huko Ayalandi. Anaumwa, ila yuko mikononi mwa madaktari. Sijawahi kufurahi hivi kusikia mtu anaumwa. Mtu aliye hospitali ana kitanda, ana namba ya wodi, ana nesi wa kumfokea. Nimemwambia Latifa baba ana mafua ya baharini. Bi Nasra alipopiga baada ya sala nikamwambia vilevile. Akasema anywe chai ya pilipili manga, kama ningeweza kumfikishia.

Vitambaa vya sare vimebaki, nimejikatia gauni na mimi. Kesho naenda harusini.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimerudi harusini miguu inaniuma. Nimecheza. Kuna akina mama wawili wa mtaa wetu walioniona nikicheza wakaacha kucheza, wakatazamana. Wivu wa gauni.

Jumanne, 7 Aprili

Mbona wanawake wanakuja? Jana watatu, leo wawili. Wanakaa, wanasema "pole na majukumu," wanaondoka. Mmoja kaniachia kilo mbili za sukari, hajasema za nini.

Jumatano, 8 Aprili

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye kwamba yalikuwa vingine.

Mchana nilimwita Mwalimu Joyce, jirani yangu, anafundisha Kiingereza sekondari na yuko likizo ya Pasaka. Nilimwomba anitafutie kwenye simu hospitali zilizo karibu na bandari ile waliyokuwa wakiiendea, tupige, tuombe kuzungumza na Abeid japo neno moja. Mimi niko kwenye cherehani, yeye kwenye stuli. Akaanza kutafuta. Alikuwa anasoma kwa sauti, mara akawa hasomi.

"Mwalimu, mbona kimya?"

"Mama Latifa, kaa kwanza."

"Si nimekaa?"

Nilikuwa nimekaa kweli, mguu uko kwenye pedeli. Aliinuka akanishika mabega, ndipo akanisomea. Meli ya mizigo iliyotoka Ureno imezama usiku wa Machi ishirini na sita, maili chache kutoka pwani ya magharibi ya Ayalandi. Mabaharia tisa. Wanne waliokolewa kwa helikopta. Watano hawajulikani walipo. Kulikuwa na picha ya wale wanne wamefunikwa mablanketi, na majina yao chini. Nilitaka nione sura, nikaikuza picha mpaka ikawa madoa. Abeid hayumo.

Tarehe ishirini na sita. Ujumbe wake wa mwisho.

Nilichokifikiria kwanza hakikuwa Abeid, Mungu anisamehe. Nilifikiria gauni la chungwa. Nikawafikiria wale wanawake wawili walioacha kucheza. Walijua. Sukari ilikuwa ya matanga.

Na mimi je, sikujua? Mwaka juzi baba wa fundi mwenzangu alipofariki ni mimi niliyepiga simu nikamwambia, "Njoo nyumbani, baba anaumwa kidogo." Kila mtu mzima hapa anajua ngazi zile. Anaumwa, anaumwa sana, njoo na nguo za kubadili. Mjomba alinipandisha ngazi moja baada ya nyingine, na mimi nikapanda nikiimba. Sikujua kwa sababu sikutaka kujua.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda Mlali. Nilimkuta shambani anafunga mashina ya nyanya kwenye vijiti. Nilipanga nisimwamkie, mdomo ukaamkia wenyewe.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mkwe." Akanitazama, akaziacha kamba. "Nani kakwambia?"

"Simu. Abeid yuko hospitali gani, Mjomba? Nitajie jina nikamwone."

Alikaa chini kwenye tope, mzee mzima.

"Wakala alinipigia Ijumaa ile ile, saa nne asubuhi," akasema. "Jumatatu nilikuja kukwambia. Nikamkuta mtoto anakula chungwa, na wewe una pini mdomoni unanichekea. Nikashindwa. Nikasema basi niilete kidogo kidogo. Ndivyo tunavyofanya, mkwe. Mtu anaandaliwa."

"Uliniandaa? Mimi nilicheza harusini!"

"Niliambiwa, na wale niliowaomba wakutazame."

"Ukaniacha nicheze."

"Hawajamwona, Yasmin. Hawakuniambia amekufa, waliniambia haonekani. Asiyeonekana namtandikia vipi jamvi? Nitangaze msiba, kesho aibuke, nitamwambia nini dada yangu? Ana presha yule. Nilikuwa nasubiri wamwone."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwisho akaniomba jambo moja tu, Bi Nasra asiambiwe mpaka Abeid apatikane, awe hai au maiti. Nikakataa. Kisha nikakubali. Sijui kwa nini nilikubali.

Ijumaa, 10 Aprili

"Abeid anaendeleaje?"

"Vilevile, Mama."

Jumanne, 14 Aprili

Mwalimu Joyce aliandika kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kijiji kilicho karibu na pale meli ilipozama. Leo amejibiwa na mwanamke anaitwa Catherine. Joyce amenisomea mara tatu.

Anasema wanatembea ufukweni kila siku tangu asubuhi ya tarehe ishirini na saba, kijiji kizima, kwa zamu. Wavuvi wameacha nyavu zao, wanazunguka na mashua. Huko, anasema, mtu akipotea baharini hakuna anayerudi kwenye kazi zake mpaka apatikane au bahari iwakatalie kabisa. Pwani yao imekula meli tangu enzi za merikebu za matanga na mizinga. Bibi zao walikuwa wakiwasha mshumaa juu ya tita la majani makavu, wakiliachia majini, wakiamini kwamba litasimama pale alipo mtu. Yeye mwenyewe kaka yake alikuwa mvuvi. Mwaka wa kumi na moja huu hajaonekana. "Ndiyo maana natembea," kaandika.

Wamepata watatu kati ya watano. Wawili wametambuliwa na ndugu zao. Wa tatu hatambuliki, amekaa majini muda mrefu. Wanahitaji mate ya mama yake au ya mtoto wake ili kulinganisha. Asipopata mwenyewe hadi Ijumaa ya tarehe nane Mei, daktari wa serikali ataruhusu azikwe. Kuna kona kwenye makaburi ya kijiji wanakolala mabaharia walioletwa na mawimbi tangu miaka mia mbili iliyopita, mawe hayana majina, wanayasafisha kila mwaka. Watamweka hapo, na watamwekea heshima zote.

Heshima zote, sawa. Lakini jiwe halina jina. Abeid wangu asomewe dua na nani, kwa jina lipi?

Jumatano, 15 Aprili

Nimempigia Mjomba. Nilimwambia mate ya mama au ya mtoto. Nikasikia mvua kwenye bati la kwake.

"Chukueni ya mtoto," akasema. "Mtoto atajua nini?"

Nilikuwa tayari kugombana, nikakuta sina la kugombania. Na mimi nilikuwa nimeshawaza hivyohivyo.

Ijumaa, 17 Aprili

"Abeid?"

"Madaktari wanasema avumilie, Mama."

Nadanganya vizuri sasa. Hata sauti haitetemeki.

Jumatatu, 20 Aprili

Maombi ya Ayalandi yamefika kwa wahusika wa hapa, na leo amekuja nesi na afande mmoja wa kike aliyevaa kiraia kwa kunistahi. Latifa alikuwa anafanya hesabu mezani.

"Kipimo cha shule," nikamwambia. "Wanaangalia meno."

Alifungua mdomo mkubwa, akajivunia jino jipya. Nesi akapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, huku na huku, akakiweka kwenye kichupa. Latifa akauliza kama yamepita. Nesi akasema yamepita, mazuri sana, na akanitazama mimi.

Juzijuzi nilimwita Mjomba mwongo mbele ya nyanya zake. Leo nimefanya alichofanya yeye, tena kwa mtoto, tena nikitabasamu. Naanza kuelewa jinsi alivyoshindwa siku ile. Simsamehi, lakini naelewa.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua. Kuku wamelala sebuleni.

Ijumaa, 24 Aprili

Bi Nasra alipiga akiwa na furaha. Anasema amechinja jogoo, amewaita majirani, wamemsomea Abeid dua ya afya, na ameota ameketi kibarazani anavua buti.

"Anapata nafuu, nimejua," akasema. "Wewe huoni dalili?"

Nikasema naona.

Nilipokata simu nikajipiga kibao. Sio cha mchezo, shavu limevimba, nimemwambia Latifa nimegonga mlango. Hata huo uongo umetoka bila kufikiri.

Jumapili, 26 Aprili

Mwezi mmoja. Kuna saa naomba mtu yule asiwe yeye, ili awe hai mahali fulani, kwenye kisiwa, kwa mvuvi asiye na simu. Dakika hiyohiyo naomba awe yeye, ili nijue. Naomba vitu viwili visivyoweza kukaa pamoja, tena kwenye rakaa moja. Nimepungua, pete inazunguka.

Jumanne, 28 Aprili

Bado. Catherine anasema bado wanatembea. Mabaharia wawili waliobaki hawajapatikana.

Alhamisi, 30 Aprili

Ni yeye.

Joyce alikuja akiwa ameshalia njiani, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. Nilishusha pumzi, pumzi ile ile niliyoishusha siku ya hitilafu ya injini. Niliona aibu. Nimempata mume wangu na nimefurahi kumpata, na kumpata kwenyewe ndiyo kumpoteza. Tumeshikana mikono na Joyce, cherehani katikati yetu.

Nimempigia Mjomba. Alisema "Innalillahi," kisha nikasikia mzee analia na simu haijakatwa. Baadaye akasema, "Jumamosi twende Matombo. Mimi ndiye nitakayemwambia."

Jumamosi, 2 Mei

Gari lilitufikisha hadi barabara ilipokatika. Mvua za wiki zote hizi zimechukua kipande kizima na migomba iliyokuwa juu yake. Tukashuka, mimi, Mjomba na Latifa. Pale penye maji ya magotini Mjomba alimbeba Latifa mgongoni. Ana miaka sabini na moja. Alipomtua upande wa pili alishika mti akahema, na Latifa akampangusa matope kwenye paji la uso. Nilimtazama nikasikia hasira yangu imepungua, nikataka kuishikilia, ikanitoka.

Bi Nasra alikuwa barazani anachambua pilipili manga kwenye ungo. Alifurahi, akapiga kelele kabisa. "Shikamoo Mama." "Marahaba wanangu! Na mvua yote hii?" Halafu akaona hatuna mizigo. Akaona kaka yake hajavua kofia. Mikono ikaacha kuchambua.

Nikamwambia Latifa aende jikoni akalete maji. Mjomba akaketi karibu na dada yake, akakohoa.

"Dada," akasema. "Habari za Abeid. Abeid anaumwa sana."

Sikuamini masikio yangu. Safari yote ile, na bado anataka kupanda ngazi! Nikamtazama, nikaona midomo inacheza. Haikuwa hila, mdomo ulikuwa haujui njia nyingine. Nikapiga magoti mbele ya ungo.

"Mama, Abeid amekufa. Meli yao ilizama. Wamempata, wamemtambua, ni yeye."

Nilingoja yowe. Nilingoja presha. Yeye akauliza neno moja.

"Lini?"

"Tarehe ishirini na sita."

"Ya mwezi uliopita?"

"Ya Machi, Mama."

Akahesabu kwa vidole. Miezi ikamwia ngumu, akaanza upya. Alipofika mwisho akamgeukia kaka yake, si mimi.

"Siku thelathini na saba," akasema. "Siku thelathini na saba, Mikidadi, mmenifanya namwombea maiti afya. Nimemchinjia jogoo. Nimewaita watu wakaitikia amina. Mwanangu amelala peke yake kwenye maji, hana hata mama yake wa kumlilia, kwa sababu mama yake mmemfanya mtoto."

"Dada, presha..."

"Presha yangu! Nimezika wanangu watatu na mume mmoja kwa presha hiyohiyo. Kulia mnaninyima? Kulia ni kwangu!"

Ndipo akalia. Majirani walisikia wakaanza kuja na mikeka, kwenye mvua, bila kuitwa. Mjomba alikaa pale pale, kofia mkononi, hakuna aliyemwambia neno. Nami nikalia, mara ya kwanza kwa sauti tangu tarehe nane. Nilikuwa najibana ili Latifa asisikie.

Latifa alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Bi Nasra alimwona kabla yangu.

"Na huyu anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mwambie. Sasa hivi, mbele yangu. Ukimwambia anaumwa, utoke kwangu."

Nikamwita. Nikamwambia neno lenyewe, baba amekufa baharini. Latifa aliiweka kata chini polepole ili maji yasimwagike. Akafikiri.

"Kile kijiti cha pamba," akasema. "Hakikuwa cha meno."

"Hakikuwa cha meno, mama."

"Kilikuwa cha Baba."

"Ndiyo."

"Ungeniambia," akasema. "Ningefungua mdomo tu vilevile."

Jumapili, 3 Mei

Tumetandika matanga. Mvua imekatika asubuhi, ikarudi.

Shehe wa hapa amekuja kunieleza habari ya eda. Anasema miezi minne na siku kumi inahesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si tangu siku mke alipojua. Kwa hiyo nina siku thelathini na nane tayari. Alidhani ananipunguzia mzigo. Nikawa nazipitia siku zile moja moja, wanja niliopaka, hina, muziki. Nilikuwa mjane anayecheza na pete kidoleni. Shehe akasema asiyejua hana lawama. Nimemshukuru. Lawama ninayo, ila si hiyo.

Catherine anauliza kama tunataka arudishwe. Ukoo umekaa. Bi Nasra amekata shauri kabla Mjomba hajafungua kinywa: azikwe huko huko, amecheleweshwa vya kutosha. Mjomba akasema, "Alivyosema dada." Kuna imamu kwenye mji mkubwa wa kule ambaye atakuja na Waislamu wenzake, na kijiji kimetoa kipande cha kumwelekeza kibla. Wameuliza jina la kwenye jiwe. Mjomba amemwachia Bi Nasra alitaje, na Joyce akaliandika herufi moja moja.

Jumatatu, 4 Mei

Mjomba amelala kibarazani siku mbili, ndani haingii. Leo Bi Nasra kampelekea uji mwenyewe. Alimngoja aumalize, akachukua bakuli.

Jumanne, 5 Mei

Mtandao hapa hushika kwenye kona moja tu ya uani, karibu na mkarafuu. Saa nane mchana tulikuwa hapo sote, watu kama hamsini, wengine wameshika miavuli juu ya simu, si juu ya vichwa vyao. Mwalimu Joyce alikuwa amekuja tangu jana, amepita kwenye maji yale yale. Yeye ndiye aliyeishika simu.

Catherine ni mama wa makamo, koti la njano, uso mwekundu kwa upepo. Kwake nako mvua. Alitusalimu akaigeuza simu, tukaona. Bi Nasra akauliza, "Wale wote ni nani?" Mlima mzima wa watu, wavuvi na buti zao, vikongwe, padri mmoja amesimama nyuma kabisa kwa adabu. Hakuna hata mmoja aliyepata kumwona Abeid akiwa hai. Joyce akamwambia Bi Nasra ni wale waliokuwa wanatembea. Bi Nasra akawapungia mkono, na kule, watu mmoja mmoja, wakapunga.

Imamu akaswalisha. Vijana sita wakamshusha. Nilikuwa natazama sanduku, nawaza kwamba ni dogo, na Abeid ni mrefu.

Kisha Catherine akaja karibu na simu akasema jambo. Joyce akatafsiri: kabla ya udongo, je, kuna mtu wake anayependa kusema neno? Atamsogezea simu mpaka pale.

Simu akapewa Mjomba. Alifungua mdomo, akaufunga, akampa dada yake. Bi Nasra akatikisa kichwa, machozi yanamwenda, akanipa mimi. Nilikuwa na maneno ya daftari zima. Hata moja halikutoka.

Latifa akanyoosha mkono, nikampa. Kule Catherine alikuwa amepiga magoti kwenye majani, ameishusha simu yake hadi ukingoni mwa kaburi, tunaona mbao tu na matone ya mvua juu yake.

"Shikamoo Baba," Latifa akasema.

Mvua ikawa inanyesha kwao na kwetu. Na sisi sote pale uani, watu wazima, tulionyamaza wiki zote hizi, tukanyamaza tena, tunangoja aitikie.

Kisha wakaanza kumwaga udongo.